UREFU WA NINI? Uhakiki wa Istilahi za Nyuzi za Mwanga na Upimaji Wake

Miongoni mwa maandishi yanayoletwa mezani petu sisi tulio katika kazi ya istilahi, ni machache yatupayo furaha kama mwongozo wa kazi ulioandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya watu watendao kazi kwa mikono yao. Sheria zina wasomaji wake na hotuba zina wasikilizaji wake. Lakini mwongozo wa fundi husomwa mtu akiwa ameinama shimoni, mkono mmoja umeshika kifaa na mwingine karatasi. Lugha yake ikipotoka, kazi nayo hupotoka papo hapo.

Mwongozo tunaokusudia kuuhakiki hapa unahusu uungaji na upimaji wa nyuzi za mwanga, yaani zile nyuzi nyembamba za kioo ambazo ndani yake hupita mawasiliano ya simu na intaneti. Haukuchapishwa kama kitabu. Umepita mikononi mwa mafundi kwa nakala za mashine. Hatutataja jina la asasi iliyoutoa wala la mfasiri wake, kwani nia yetu si kumwaibisha mtu. Tena, makosa mengi tutakayoyaonyesha yana mizizi katika kamusi na orodha ambazo sisi wenyewe, wakuza istilahi, tumezitoa au tumeshindwa kuzitoa.

Mpemba

Tuliamua kuusoma mwongozo huu pamoja na mafundi wanaoutumia, na bahati ikatupeleka Mpemba, katika Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Msomaji wa Pwani asikiapo jina hilo huenda akadhani tunamsema mtu wa Pemba. Lakini Mpemba hii ni mahali, karibu na Tunduma, kando ya barabara kuu iendayo Zambia, panapochepuka barabara ya Isongole wilayani Ileje na mpaka wa Malawi. Malori yaelekeayo Zambia na Kongo hupita hapo usiku na mchana. Na chini ya ardhi, wasipopaona wapitao, umepita Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, ambao huungana na mitandao ya Zambia katika mpaka wa Tunduma.

Mafundi walitusimulia tukio moja. Kebo ilikuwa imekatika. Kifaa cha kutafutia mkatiko kiliwapa umbali, nao wakafuata mwongozo neno kwa neno, wakaenda mpaka mahali palipotajwa, wakachimba. Hawakukuta mkatiko. Wakasogea mbele, wakachimba tena katika shamba la mahindi la mzee mmoja. Mzee akaja, akawasalimu, kisha akawauliza, "Wanangu, mnatafuta nini humu?" Wakamjibu, "Mzee, tunatafuta mahali mkongo ulipokatika." Akawauliza tena, "Na hicho chombo chenu hakijui ulipokatika?" Walituambia kwamba swali hilo liliwachoma, kwa sababu chombo kilijua. Kilichokuwa hakijui ni karatasi waliyokuwa wakiisoma. Mkatiko ulikuwa nyuma yao, mita zaidi ya 200 kutoka shimo la kwanza.

Hapo ndipo tulipoona kuwa uhakiki huu haupasi kuwa wa mezani tu.

Urefu wa nini?

Kifaa hicho hutuma mipigo mifupi ya mwanga ndani ya uzi. Sehemu ndogo ya mwanga hutawanywa na kioo chenyewe ikarudi nyuma. Palipo na kiungo, mkunjo au mkatiko, mwanga urudio hubadilika. Kifaa hupima muda uliopita, kisha huugeuza kuwa umbali. Katika kioo mwanga huenda kwa kasi ya kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, yaani kama theluthi mbili ya kasi yake katika ombwe. Kwa hiyo kila kilomita moja ya uzi huchukua mikrosekunde 10 hivi kwa kwenda na kurudi.

Basi tuulize: umbali unaoonyeshwa na kifaa ni umbali wa nini? Ni urefu wa uzi, wala si kitu kingine. Lakini uzi haukunyooshwa ndani ya kebo kama kamba ya kuanikia nguo. Huachwa ulegee kidogo ili usikatike kebo inapovutwa. Kwa hiyo uzi ni mrefu kuliko kebo. Kebo nayo haikufuata ardhi tu. Katika kila shimo la ukaguzi huachwa duara za akiba kwa ajili ya matengenezo ya baadaye. Kwa hiyo kebo ni ndefu kuliko njia. Tunazo dhana tatu: urefu wa uzi, urefu wa kebo, na urefu wa njia. Mwongozo wetu umezitaja zote tatu kwa maneno mamoja: "urefu wa mkongo".

Tuchukue mfano. Tuseme kifaa kimesoma mita 21,400, na uzi umezidi kebo kwa nusu asilimia. Urefu wa kebo utakuwa mita 21,294 hivi. Tayari tumepoteza mita 106. Tuseme tena kuwa njiani mna mashimo manane, na katika kila shimo zimeachwa mita 15 za akiba. Hizo ni mita 120 nyingine. Mkatiko basi uko kwenye mita 21,174 ya njia, wala si kwenye mita 21,400. Fundi aliyeamini "urefu wa mkongo" atachimba mita 226 mbele ya mahali panapostahili. Mzee wa Mpemba na matuta yake ya mahindi amelipa gharama ya istilahi moja iliyobeba mizigo mitatu.

Yako mengine. Kifaa hakiwezi kugeuza muda kuwa umbali bila kuambiwa uwiano wa kasi ya mwanga katika ombwe na kasi yake katika kioo kile. Kwa nyuzi nyingi uwiano huo ni 1.468 hivi. Fundi akikosea kwa 0.001 tu, katika kilomita 50 atapotea kwa mita 34. Mwongozo umeuita uwiano huo "faharasa", basi. Fundi mmoja alituambia kwamba kwa miaka miwili aliamini neno hilo linamwelekeza kwenye kurasa za mwisho za kitabu, akatafute orodha ya maneno. Hatuwezi kumlaumu, faharasa kwa msomaji wa Kiswahili ndiyo hiyo. Laiti mfasiri angeandika "uwiano wa kasi", sentensi ingekuwa ndefu kidogo na kazi ingekuwa fupi sana.

Mkongo, kebo, uzi

Tukigeukia neno mkongo lenyewe, hatuna budi kulitendea haki. Wako wenzetu wasiolipenda. Husema kwamba Mkongo ni mtu wa Kongo, na tena mkongo ni mti wa mbao ambao watu wa Pwani huuita mbambakofi. Kwa nini kuongeza maana ya tatu? Kwa maoni yetu hoja hiyo haina uzito. Pale Mpemba, penye madereva wa Kikongo kila siku, tulisikia watu wakisema "Mkongo amekwama" na "mkongo umekatika" katika baraza moja, na hakuna aliyechanganyikiwa. Upatanisho wa kisarufi unatosha kutenganisha mtu na kitu. Lugha yetu ina kinga yake yenyewe.

Tatizo la mkongo liko mahali ambapo upatanisho hauwezi kutusaidia. Katika jina la Mkongo wa Taifa, neno hili ni mfumo mzima: kebo, vituo, mitambo na njia zake zote. Katika habari za tarehe 12 Mei 2024, siku ambayo hitilafu katika mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM zilidhoofisha intaneti nchini, neno lilitumika kwa maana ya kebo. Na katika mwongozo tunaouhakiki, ukurasa mmoja waagiza: "safisha mkongo kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kuukata". Hapo mkongo ni uzi mmoja usiofikia unene wa robo milimita! Mfumo umekatika, kebo imekatika, uzi mmoja umekatika: haya ni matukio matatu yenye uzito mbalimbali kwa mtumishi wa Serikali anayetakiwa kuandika taarifa. Yote matatu huandikwa "mkongo umekatika".

Rai yetu ni kwamba mkongo libaki kwa mfumo, kwa kuwa umma umekwisha kulipokea. Kebo, neno lililomo katika kamusi zetu tangu zamani, litumike kwa kile kilazwacho ardhini au baharini. Na uzi litumike kwa uzi.

Uzi wa kioo au uzi wa mwanga?

Je, uzi wa nini? Mwongozo unasema "uzi wa kioo", na walimu wengi husema hivyo pia. Hapa inafaa tueleze kwa ufupi namna vitu hivi vinavyotengenezwa, maana istilahi isiyojua kiwandani huzeeka upesi.

Mwaka 1966, Charles Kao na George Hockham, waliokuwa wakifanya utafiti huko Harlow, Uingereza, walionyesha kwamba kioo kingeweza kuchukua mawasiliano ya mbali iwapo upotevu wa mwanga ungeshushwa chini ya desibeli 20 kwa kilomita. Mwaka 1970 Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz wa kampuni ya Corning, Marekani, walivuka kizingiti hicho. Kao alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009, mwaka ule ule ambao Mkongo wetu wa Taifa ulianza kujengwa. Upotevu wa desibeli 20 maana yake ni kwamba katika kila sehemu 100 za mwanga hubaki moja. Leo uzi wa kawaida hupoteza desibeli 0.2 hivi kwa kilomita. Yaani sehemu ile moja katika mia, iliyokuwa ikibaki baada ya kilomita moja, sasa hubaki baada ya kilomita 100.

Uzi huanza ukiwa mche mnene wa kioo safi mno, uliojengwa tabaka kwa tabaka kutokana na mvuke. Mwongozo umeuita mche huo "umbo la awali", na tunampongeza mfasiri kwa istilahi hiyo nyofu. Mche huingizwa katika tanuri yenye joto la nyuzi 2,000 hivi za Selsiasi, juu ya mnara, na kutoka chini yake uzi huvutwa. Wakati unavutwa, miale ya leza huupima kipenyo bila kuugusa, na matokeo hurudishwa hapo hapo kwenye mtambo ili kuongeza au kupunguza kasi ya mvuto. Kupima hakuji tena baada ya kutengeneza. Kupima kumekuwa sehemu ya kutengeneza. Ndiyo maana kipenyo cha kioo cha uzi, ambacho ni mikromita 125, huruhusiwa na viwango vya kimataifa kutofautiana kwa mikromita 0.7 tu, juu au chini.

Sasa, je, jina "uzi wa kioo" litadumu? Tayari zipo nyuzi za plastiki, zitumikazo kwa masafa mafupi. Na mwaka 2025 watafiti wa Uingereza walitangaza uzi wenye uwazi katikati, ambao ndani yake mwanga husafiri hewani badala ya kusafiri ndani ya kioo, na upotevu wake uko chini ya desibeli 0.1 kwa kilomita. Katika uzi huo mwanga huenda karibu kwa kasi ile ya ombwe. Fundi atakayeupima kwa uwiano wa 1.468 atapotea vibaya. Jina lililotokana na malighafi limeanza kupotosha. Jina litokanalo na kazi, "uzi wa mwanga", linaenea kote: kioo, plastiki, hata hewa. Twashauri litumike hilo, na "wa kioo" liongezwe pale tu inapotakiwa kutaja malighafi.

Kuhusu sehemu za uzi, mwongozo umetuchekesha na kutuhuzunisha kwa wakati mmoja. Kiini cha katikati umekiita "kiini", na hilo ni zuri. Lakini kioo kinachokizunguka kiini umekiita "mavazi". Ngozi ya plastiki inayokilinda kioo ukaiita "koti". Na ganda la nje la kebo ukaliita "jaketi". Kisha fundi anaagizwa: "vua mavazi kabla ya kuunga". Mavazi hayo, kwa istilahi ya mwongozo wenyewe, ni kioo kilichoshikamana na kiini, wala hayavuliki. Kinachovuliwa ni koti. Fundi mgeni ambaye angetii agizo hilo angekwaruza kioo mpaka kikatike. Mafundi wa Mpemba walikuwa wamejitungia yao: kiini, gamba, ngozi, ganda. Hatukuona sababu ya kuyabadilisha. Gamba halitoki kwa samaki bila kazi, ngozi huchunwa, ganda hubanduliwa. Kila neno linabeba agizo lake ndani yake.

Kipimo, usahihi, ruhusa, shaka

Sehemu ya pili ya mwongozo ni ya upimaji, nayo ndiyo dhaifu zaidi. Kwanza ni neno kipimo. Limetumika kwa kizio, kama mita, kwa kifaa, kwa tendo la kupima, na kwa jibu lililopatikana. Sentensi moja inasema, "hakikisha kipimo cha kipimo kinalingana na kipimo". Hatukuwahi kuona mtu aliyeielewa. Lugha yetu inavyo vyombo vya kutosha: kizio, kifaa cha kupimia, upimaji, na jibu la upimaji. Hata taaluma yenyewe ina jina lake, ugezi, ambalo mafundi wa Mpemba hawakuwa wamelisikia. Aidha, mwongozo unatumia "mikromita" kwa sehemu moja ya milioni ya mita, na vilevile kwa kile kifaa cha skrubu cha kupimia unene. Katika kazi ambayo kila kitu ni mikromita, kifaa na kiitwe "kifaa cha skrubu", tuepukane na balaa.

Pili ni usahihi. Kamusi nyingi za jumla hutoa neno hili moja kwa dhana mbili: ukaribu wa jibu na ukweli, na ukaribu wa majibu yenyewe kwa yenyewe yanaporudiwa. Hizi si dhana moja. Mizani ya duka inayopunguza gramu 100 kila mara, bila kukosa hata siku moja, hukubaliana na nafsi yake kikamilifu, na bado inamwibia mnunuzi. Tunapendekeza usahihi libaki kwa dhana ya kwanza, na uthabiti lichukue ya pili. Mizani ile ni thabiti, lakini si sahihi. Mwalimu yeyote ataweza kulieleza hilo darasani kwa dakika moja.

Tatu ni "uvumilivu". Mwongozo unasema kwamba gamba lina "uvumilivu wa mikromita 0.7". Uvumilivu ni sifa ya moyo; kioo hakivumilii. Kinachosemwa ni kwamba aliyeweka kiwango ameruhusu tofauti isiyozidi hapo. Basi na tuseme ruhusa: "kipenyo ni mikromita 125, ruhusa ni 0.7 juu au chini".

Nne, na hili ndilo zito kwa wasomaji wetu walio maofisini, ni "kosa". Kila upimaji huacha tofauti kati ya jibu na thamani ya kweli, hata ukifanywa na bingwa. Mwongozo unaiita tofauti hiyo kosa, na taarifa zinazoandikwa kwa kuufuata huiita hivyo hivyo. Tulielezwa habari za taarifa moja iliyosema kwamba umbali ulipimwa "kwa makosa ya nusu asilimia", nayo ikarudishwa na ofisa aliyetaka apewe majina ya waliofanya makosa hayo. Ofisa hakuwa mjinga. Kwa Kiswahili kosa lina mkosaji, na mkosaji ana adhabu. Matokeo yake ni kwamba mafundi wameacha kuandika kabisa kiasi wasichokuwa na hakika nacho. Wanaandika jibu tupu, kana kwamba limeshuka kutoka mbinguni, na anayelipokea huchimba mahali pamoja tu. Tunapendekeza mkengeuko kwa tofauti kati ya jibu na thamani ya kweli, na shaka kwa upana ambao ndani yake twaamini ukweli umo: "mkatiko uko mita 21,174, shaka ni mita 30". Mtu anayekiri shaka yake hakukosa. Amesema kweli zaidi kuliko aliyenyamaza.

Jina la Mpemba linatukumbusha jambo linalofanana na hili. Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Magamba mwaka 1963, aliona kuwa mchanganyiko wa moto wa aiskrimu uliganda kabla ya ule uliopoa, na mwaka 1969 akachapisha makala kuhusu hilo pamoja na Denis Osborne. Wataalamu wamebishana tangu hapo, na sehemu kubwa ya ubishi ni wa maana na upimaji: kuganda ni kuonekana kwa barafu ya kwanza, au ni maji yote kuwa barafu? Na kipimajoto kiwekwe wapi? Mwaka 2016 Burridge na Linden walionyesha kuwa kuhamisha kipimajoto sentimita moja tu kwenda juu au chini kwaweza kuleta matokeo yanayofanana na ugunduzi huo. Swali kubwa la fizikia limening'inia juu ya maana ya kitenzi kimoja. Asiseme mtu kwamba istilahi ni mapambo.

Mwanga usioonekana

Jambo la mwisho linahusu usalama. Mwongozo unaonya: "usitazame mwanga utokao kwenye ncha ya uzi". Onyo hili ni sahihi kwa maneno na bovu kwa maana. Mawasiliano husafirishwa kwa miale yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1,310 au 1,550, ambayo jicho la binadamu haliioni kabisa. Kwa Kiswahili cha kila siku mwanga ni kile kinachoonekana. Pasipoonekana kitu, pana giza. Kijana aliyeambiwa asitazame mwanga, naye akaona ncha ya uzi ni nyeusi, atahitimisha kuwa hakuna hatari, aisogeze jichoni aikague. Mafundi wakongwe wa Mpemba hawatumii onyo la mwongozo, huwaambia vijana, "Uzi usioujua, usiuelekeze usoni." Twaona hilo ni bora. Pale inapobidi kutaja sababu, iandikwe wazi: mwanga usioonekana kwa macho, nao waweza kuyadhuru macho.

Lawama kwetu wenyewe

Baadhi ya wasomaji watasema kuwa mafundi wana lugha yao tayari: faiba, losi, splaisi, kwa nini kuwasumbua? Twakubali kwamba maneno hayo yanafanya kazi kati ya mafundi wawili wanaofahamiana. Lakini hayamfikii mzee wa shamba la mahindi, wala ofisa anayeidhinisha malipo, wala mwanafunzi wa chuo cha ufundi anayeanza leo. Na wala hatutaki yafutwe. Losi na splaisi yana maana moja moja, na kwa sifa hiyo ni bora kuliko "kipimo" chenye maana nne.

Lawama iliyo kubwa ni yetu. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI mwaka 1990, miaka 19 kabla ya Mkongo kuanza kujengwa. Tangu Mkongo uanze kujengwa, mafundi wamekuwa shimoni na sisi tumekuwa vikaoni. Tumezoea kuanza na orodha ya maneno ya kigeni na kuyatafutia ndugu zao wa Kiswahili, moja kwa moja. Hivyo ndivyo "uvumilivu" na "faharasa" zilivyozaliwa: kila moja ni tafsiri ya neno, wala si jina la kitu. Kama tungeanza na kitu chenyewe, tukauliza kinafanya nini na nani atakishika, tusingefika huko. Mfasiri wa mwongozo alitafuta msaada katika orodha zetu, nazo zikampotosha.

Hitimisho

Kwa jumla, mwongozo huu unastahili kusahihishwa na kutolewa upya, hautakiwi kutupwa. Muundo wake ni mzuri, maelekezo ya kuunga yanafuatana vema, na mfasiri amethubutu pale ambapo wengi wamekwepa. Kwa toleo litakalofuata tunatoa mapendekezo yafuatayo:

1. Mkongo kwa mfumo. Kebo kwa kinacholazwa. Uzi wa mwanga kwa uzi.
2. Urefu wa uzi, urefu wa kebo na urefu wa njia vitajwe kila mara kwa ukamilifu. "Urefu wa mkongo" uachwe.
3. Kiini, gamba, ngozi na ganda kwa sehemu za uzi na kebo.
4. Uwiano wa kasi badala ya "faharasa".
5. Kizio, kifaa, upimaji na jibu badala ya kipimo kwa yote manne.
6. Usahihi, uthabiti, ruhusa, mkengeuko na shaka, kila moja kwa maana yake kama ilivyoelezwa.

Haya ni mapendekezo, hayajawa maamuzi. Tunawaomba walimu wa vyuo vya ufundi wayajaribu darasani, watumishi wa Serikali wayajaribu katika taarifa zao, na wafasiri watuandikie panapowashinda. Zaidi ya wote tunawaomba mafundi, ambao si kawaida yao kutuandikia, watuambie maneno wanayoyatumia wao wenyewe wakiwa shimoni. Wenzetu wa Mpemba walikwisha kuiandika upya kwa kalamu ile kurasa ya urefu katika nakala yao, wakaweka safu tatu mahali pa moja. Mzee mwenye shamba, walituambia, hajachimbiwa tena.